Wino na Karatasi: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Utamaduni na Maktaba Lamu

Lamu, Novemba 2025

Waheshimiwa,

Assalam aleikum. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mkaazi wa mtaa wa Langoni, mjini Lamu. Nawaandikia nyote mlioshika dhamana ya utamaduni, elimu na maktaba katika kaunti yetu: mlio ofisini, mlio katika bunge la kaunti mnaopitisha bajeti, na mlio katika makumbusho. Nimeiandika wazi kwa sababu neno lenyewe si langu peke yangu. Ni la kila nyumba ya Amu, ndiyo Lamu, yenye kasha, mkebe au mfuko ambao watu wa nyumba hawajui waufanyeje.

Mwaka unakwisha, na watu wa vitabu duniani wanapiga hesabu yao: nani amechapisha, nani ametuzwa, nani ametangulia mbele ya haki. Mwezi wa Machi Afrika Kusini ilimpoteza mtunzi wake wa tamthilia, Athol Fugard. Aprili akafa mwandishi wa Peru, Mario Vargas Llosa, kule Lima. Tarehe 20 Mei, London, tuzo ya kimataifa ya Booker ilimwendea Banu Mushtaq wa India kwa hadithi 12 alizoziandika kwa Kikannada kwa zaidi ya miaka 30, hadithi za wanawake wa Kiislamu wa mitaani kwao, na mfasiri wake Deepa Bhasthi akagawana naye nusu kwa nusu pauni 50,000. Tarehe 28 Mei tukaondokewa na Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa na miaka 87, huko Georgia, Marekani. Oktoba, Nobel ya fasihi ikaenda kwa László Krasznahorkai wa Hungaria. Juzi tu, tarehe 10 mwezi huu, Booker ile nyingine, ya riwaya za Kiingereza, ikamwendea David Szalay.

Hesabu hiyo naifuata kila mwaka, na wanafunzi wangu naifundisha. Lakini mwaka huu imeniuma, na nitawaeleza kwa nini.

Mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, wiki ileile Bi Banu alipokuwa London akipokea tuzo yake, tulimzika ami yangu, ndugu wa baba, kijijini Matondoni. Ami alikuwa fundi wa majahazi kwa mikono na mtunzi kwa ulimi. Mchana alishika tezo na keekee, na mashairi yake mengi aliyatunga akitia kalafati. Ukikaa karibu naye utasikia nyundo inagonga pamba ndani ya ufa wa mbao, tu, tu, tu, na midomo yake inakwenda nayo, mizani nane kwa nane. Alitunga tendi, alitunga kimai za mabaharia, alitunga mashairi ya harusi na ya kuonya. Alipoombwa alitoa. Hakuwahi kulipwa, wala kuchapishwa.

Baada ya hitima, mke wa ami aliniita ndani. Akavuta kutoka chini ya kitanda mkebe wa bati, wa biskuti, kifuniko kimeshika kutu. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe msomi wa nyumba. Haya niyatie wapi?"

Ndani mlikuwa na kaseti 14 na daftari tatu za shule. Kila kaseti ina karatasi ndogo iliyoandikwa kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu, mkono wa ami mwenyewe: jina la utungo na mfungo uliotungwa. Tisa zilikuwa zimeota ukungu mweupe kwenye utepe. Daftari mbili zilikuwa nzima. Ya tatu mchwa walikuwa wameitoboa katikati, toka jalada la mbele hadi la nyuma, tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Kwa hiyo katika utendi ule mzima, ukurasa kwa ukurasa, kuna beti zilizokosa neno mahali pamoja, kama mdomo uliong'oka jino. Nimejaribu kuyajaza yale maneno kwa kufuata vina. Mengine yamekubali, mengine sijui alichosema, na hakuna tena wa kumuuliza.

Nilipotoka uani, mjukuu wake alikuwa akirusha tiara. Mkia wa tiara ulikuwa mrefu, mweusi, unang'aa juani kila ukipinda. Ulikuwa utepe wa kaseti.

Sikumgombeza mtoto, kwani angejuaje?

Zile kaseti nilizichukua kwa fundi wa redio hapa Langoni. Alikuwa na redio ya kaseti iliyolala rafuni miaka. Akaifufua kwa shilingi 1,500 na akanifunza kuupangusa utepe kwa pamba na spiriti kabla ya kuucheza. Kaseti ya tatu ndiyo iliyonitoa machozi. Inaanza kwa kikohozi. Kisha unasikia adhana ya alasiri kwa mbali, na ami ananyamaza mpaka iishe, hazimi mashine, ananyamaza tu. Kisha anaanza kutongoa utungo wa jahazi linalovunja tanga usiku: foromali, demani, hamarawi, ngama, kila kamba na kila ubao kwa jina lake. Mimi nimefundisha Kiswahili miaka 19. Katika dakika ile ya kwanza nilisimamisha mashine mara tatu kumuuliza mke wa ami neno hili ni nini. Yeye, ambaye hakukanyaga darasa la skuli, aliyajua yote.

Nikaona hili si la kukaa chumbani kwangu. Nikaufunga ule mkebe kwa kitambaa nikaupeleka kwenye ofisi moja ya umma, ambayo jina lake halina haja hapa. Mara ya kwanza niliambiwa nilete barua ya ombi. Nilipoileta, nikaambiwa hakuna kifungu cha bajeti cha "kaseti". Mara ya tatu kijana mmoja mpole aliniuliza, "Mwalimu, kazi hizi zimechapishwa?" Nikamwambia hazijachapishwa. Akasema, "Basi kwetu si vitabu, haziwezi kuingia maktaba." Nikamuuliza zitachapishwaje ikiwa hapana mahali pa kuwekwa mtu akazisoma. Hakuwa na jibu, na sikumlaumu, hakuwekewa jibu. Akanishauri niuache mkebe juu ya meza yake "mpaka mkubwa arudi". Nilirudi nao nyumbani.

Waheshimiwa, Amu si mahali pa kuuliza kama utungo ambao haujachapishwa ni kitabu. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa mwaka 1858 alipomwita binti yake akae karibu, achukue wino na karatasi, apokee yale aliyo nayo moyoni. Mtambo wa chapa haukuwako. Palikuwa na mama anayejua kwamba muda wake umebaki mchache, na mtoto mwenye kalamu. Kwa sababu ya kalamu ile, leo dunia nzima inamjua. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir naye alipoitazama Pate ikianguka, nyumba zake zikiingia popo, hakuwa na mchapishaji. Alikuwa na wanakili, watu waliokaa wakaandika nakala moja baada ya nyingine. Hii ndiyo maktaba ya kwanza ya visiwa hivi: mtu mmoja kumnakili mwenziwe kabla hajafa.

Sasa tazameni vitabu vya watu wetu vilichapwa wapi. Utendi wa Mwana Kupona ulitolewa Uingereza mwaka 1934. Inkishafi ya Sayyid Abdalla ikatoka London mwaka 1939. Sambo ya Kiwandeo, utungo wa Ahmed Sheikh Nabhany juu ya jahazi la Amu hii hii, ulichapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1979. Mashairi ya Kimwondo, yale ya kampeni za Lamu Mashariki miaka ya 1970, yaliyozunguka visiwani kwa kaseti na yakawatoa jasho wanasiasa wa wakati ule, yalikuja kuchambuliwa katika kitabu kilichotoka Vienna mwaka 1990. Na tungo za Ustadhi Mahmoud Mau, imamu na mwokaji mikate wa mji huu, aliyewaandikia mabanati, yaani wasichana, wasia mwaka 1974 ukasikilizwa kwa kaseti nyumba kwa nyumba, zimekusanywa katika kitabu kizuri kilichotolewa Leiden mwaka 2023.

Sina kinyongo na wageni hao hata chembe. Walikaa barazani, wakasikiliza, wakaandika, na bila wao tungekuwa maskini zaidi. Kitabu cha Ustadhi Mau hata kinasomwa bure kwa mtandao. Lakini wageni humfikia mtunzi mwenye jina. Ami hakuwa na jina nje ya Matondoni. Wako wangapi kama yeye Kizingitini, Faza, Siyu, Pate mjini, Ndau, Kiwayu? Nao wanaondoka, kila mfungo mmoja au wawili, na hatuwaandiki hata tarehe.

Huyo Nabhany aliyezaliwa kisiwani hapa mwaka 1927 ndiye aliyetupa maneno kama runinga na tarakilishi, ambayo watoto wanayaandika katika mtihani. Aliyatoa wapi? Aliyachimba humu humu, katika Kiamu cha mabaharia, wakulima na kina mama. Alipofariki mwaka 2017 magazeti yaliandika, na ilikuwa haki yake. Kile kisima alichochota maji ndicho ninachokiona kinakauka.

Nimesema mwaka huu ameondoka Ngũgĩ. Niruhusuni nikae hapo kidogo, kwa kuwa msiba wake ulitufika ami akiwa hajamaliza hata arubaini kaburini. Tulipokuwa tunakunja mikeka, kijana mmoja akatusomea habari kwenye simu. Mzee mmoja, rafiki wa ami, akauliza, "Huyu ndiye aliyeandika jela kwa karatasi ya chooni?" Ndiye. Alizuiliwa Kamiti mwaka 1978, akaandika riwaya nzima kwa Kikuyu juu ya karatasi ile ya kuparuza, na mwaka 1982 tukaipata kwa Kiswahili, Shetani Msalabani. Yule mzee akatikisa kichwa. Alisema, "Yeye alikuwa mfungwa na karatasi akapata. Sisi tuko huru." Hakuendelea, na waliokuwepo walimfahamu.

Ngũgĩ alitumia nusu ya umri wake kutuambia kwamba lugha ya mama si ya kuonewa haya. Kwa wengine ilikuwa hoja ya vyuo vikuu. Kwetu hapa ni hoja ya mkebe wa bati. Na mwaka huu India imeitolea ushahidi: Kikannada si lugha ya mabalozi, na kitabu kile ni cha hadithi fupi, jambo ambalo tuzo ile haikuwahi kulituza kabla. Bi Banu hakuhama lugha yake ili aonekane. Mfasiri alimfuata alipo. Lakini mfasiri hufuata kilichoandikwa. Hata Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja mwenye Nobel ya 2021, riwaya yake ya 1994 ilirudi kwetu kwa Kiswahili kwa jina la Peponi mwaka 2022, miaka 28 baadaye, na iliwezekana kwa sababu kulikuwa na maandishi ya kufasiri. Utepe uliofungwa kwenye tiara utafasiriwa na nani?

Najua mtaniambia ziko tuzo za Kiswahili. Ziko, nami nazishukuru. Ile ya Safal-Cornell, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, inatoa dola 15,000 kwa miswada ya Kiswahili, na Mohammed Khelef Ghassani wa Pemba, kisiwa kama hiki chetu, aliipata kwa diwani yake N'na Kwetu. Jirani zetu Tanzania wana Tuzo ya Mwalimu Nyerere: mshindi hupewa fedha, na serikali ikabeba gharama ya kuchapa kazi yake na kuifikisha shuleni. Hapa Kenya tuna Tuzo ya Jomo Kenyatta. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliipata kwa Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyatunga gerezani. Lakini zote hizo zinadai muswada. Mzee wa miaka 80 anayetunga kichwani, anayeandika kwa herufi za Kiarabu au haandiki kabisa, hana kompyuta, atauingiaje mlango huo? Sheria ya ushuru ya mwaka 2013 nayo ilipoanza kutoza vitabu asilimia 16, hata vijana wetu wenye kompyuta waliona mchapishaji akikimbilia vitabu vya darasani tu, maana ndivyo vyenye mnunuzi wa hakika. Hilo la ushuru liko Nairobi, si kwenu, na nitaliandikia barua yake.

Lililo kwenu ni hili. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti shughuli za utamaduni, na ndani yake likataja kwa jina maktaba na makumbusho. Kifungu cha 11 kinalitaka taifa likuze utamaduni kwa njia ya fasihi na sanaa. Kwa hiyo siombi hisani. Naomba kazi ifanywe, na kazi yenyewe si kubwa.

Ajirini watu wawili, vijana wa hapa wanaosoma herufi za Kiarabu na za Kirumi. Wako, nimefundisha baadhi yao. Wapeni kinasa sauti kizuri, mashine ya kucheza kaseti iliyounganishwa na kompyuta, na kamera ya kupigia kurasa picha. Wapeni nauli ya mashua. Wakienda Pate wangoje maji yajae pale mkondo wa Mkanda kama sote tunavyongoja, wafike, wakae, wasikilize. Wasichukue daftari la mtu wala kaseti ya mtu; wapige picha, wanase, wamrudishie mwenyewe mkononi. Hili si geni. Hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha papo hapo Lamu katika mradi wa Maktaba ya Uingereza, na hati zenyewe zikabaki msikitini. Kilichofanywa Riyadha kinaweza kufanywa Matondoni.

Nakala zikae ndani ya Ngome ya Lamu, mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuingia akakaa akasikiliza. Jengo lile lilikuwa gereza mpaka miaka ya 1980. Kuta zake nene, mna baridi, ni mahali pa kuweka sauti.

Juu ya hilo, tuwe na daftari letu la mwaka. Kila mwisho wa mwaka iandikwe Amu: nani ametunga nini, nani amechapisha, nani ametuzwa popote, na nani amefariki, na ameacha nini, na kiko kwa nani. Wakati wa Tamasha la Utamaduni, ambapo tunashindanisha punda na majahazi mbele ya wageni na tunapiga makofi, isomwe orodha ile pale uwanja wa Mkunguni, jina baada ya jina. Mwaka huu ingesomwa, ami angekuwemo. Na kutoka kwenye zile nakala, kila mwaka ichapwe diwani moja, si lazima nene, ukurasa mmoja herufi za Kiarabu na wa pili Kirumi, na ipelekwe kila shule ya kaunti. Watoto wetu wanasoma tamthilia na riwaya za wenzao wa bara, na ni vyema wazisome. Waongezewe na sauti ya babu zao.

Jambo moja nalisisitiza kwa nguvu. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo tungo za ami ni mali ya mkewe na watoto wake mpaka 2075. Asizifanye mtu yeyote kuwa mali yake kwa sababu tu alikuja na mashine. Ridhaa iandikwe, kwa Kiswahili wanachokifahamu, wasomewe kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Ikiwa diwani itauzwa, warithi wapate fungu lao. Nimeona wajane wengi hapa wakipewa shukrani na picha ya pamoja, basi.

Mtasema bajeti ni finyu na hospitali haina dawa. Mimi pia mtoto wangu huumwa, najua. Siombi jengo jipya wala kongamano la hoteli. Nimetaja watu wawili, mashine mbili tatu, nauli ya mashua na karatasi. Wakati wa kampeni sote tunajua mtunzi wa mashairi anatafutwa usiku na mchana, na boti inapelekwa kumchukua, na anapewa nafasi na maikrofoni. Basi mkumbukeni na uchaguzi ukiwa mbali.

Kaseti za ami tisa nimezisafisha, nne zimekubali kucheza. Daftari nimezipiga picha kwa simu yangu, picha si nzuri lakini zinasomeka. Vyote viko nyumbani kwangu, ndani ya kasha lililotiwa karafuu kwa ajili ya wadudu.

Mke wa ami yuko Matondoni. Anakaribia miaka 81. Beti za ule utendi uliotobolewa na mchwa alizisikia ami akizitunga, na baadhi anazikumbuka kwa moyo. Juzi alinijaza maneno saba niliyokuwa nimeshindwa, akiwa anasuka mkeka, bila kuinua kichwa. Jioni huchoka na hukohoa. Asubuhi baada ya alfajiri, kabla jua halijawa kali, ndipo sauti yake iko wazi. Yeyote atakayetumwa na aje wakati huo. Mimi nitamngoja bandarini, nimpeleke.

Wasalaam,

Mwalimu wa Kiswahili, Langoni, Lamu